BARIADI NA SIMIYU: TULIKOTOKA, NA TUKO WANGAPI (uzi mrefu, sehemu 1 hadi 7)

SEHEMU YA 1: Namba inayoweza kukudanganya

Leo naweka pembeni presha na kisukari. Leo tunaongea historia. Usikimbie, mwishoni tutarudi zahanati, maana mimi ni muuguzi na kila njia yangu inaishia huko.

Nianze na hesabu. Sensa ya 2002 ilikuta Wilaya ya Bariadi ina watu 605,509. Sensa ya 2012 ikakuta Wilaya ya Bariadi ina watu 422,916. Haya, toa mwenyewe. Pengo ni watu 182,593. Wamekwenda wapi? Kulikuwa na vita? Njaa? Tauni?

Hapana. Walikuwa nyumbani kwao wakilima pamba. Kilichobadilika ni ramani. Mwaka 2012 Serikali ilianzisha Mkoa wa Simiyu, pamoja na Geita, Katavi na Njombe, na katika kupanga upya mipaka Itilima ikawa wilaya yake. Sensa ya mwaka huo iliwakuta watu wa Itilima 313,900. Wajumlishe na wa Bariadi, unapata 736,816. Kumbe hakuna aliyepotea! Eneo lilelile liliongezeka watu 131,307 katika miaka kumi.

Shika hilo, ndilo kiini cha uzi huu: huku kwetu, namba ya watu bila historia ya ardhi na ya kuhama haina maana. Na ukiielewa vibaya, kuna mtoto atakosa chanjo. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Ardhi yenyewe

Kwa ndugu zetu wa Dar wanaouliza "Bariadi ni upande gani?", iko hivi. Ukitoka Mwanza kwenda Musoma kwa barabara ya ziwani, ukifika Lamadi unaliacha ziwa na kukata kulia. Unaingia ndani, na Bariadi mjini ndiyo makao makuu ya mkoa. Ukiendelea mbele unatokea Maswa, kisha unashuka kuelekea Shinyanga.

Mkoa una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Busega ndiyo pekee inayogusa Ziwa Victoria, na hiyo tuliipata kutoka Magu, Mkoa wa Mwanza. Zilizobaki zilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Na zamani zaidi, sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa wilaya moja tu, Maswa. Ndiyo maana mzee wa Bariadi aliyezaliwa enzi za mkoloni anaweza kukuambia "mimi ni wa Maswa" na akawa sahihi kabisa. Ukitaka utamu zaidi muulize utemi: atakuambia Ntuzu, Itilima, Kanadi au Dutwa. Hata leo watu wa Bariadi wanaitwa Wanyantuzu.

Jina la mkoa limetoka Mto Simiyu. Maji yake yanaanzia upande wa Serengeti, yanapita kwetu na kumwagikia Ziwa Victoria. Kiangazi utauvuka kwa miguu bila kulowesha goti. Masika usijaribu.

Udongo nao una majina, na wazee waliujua kabla ya mtaalamu yeyote. Juu kwenye miinuko ya mawe kuna luseni, udongo wa kichanga, mwepisi kulima. Chini mabondeni kuna mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi mvua ikinyesha. Katikati kuna itogolo, mgumu. Mvua ni nyingi kiasi upande wa ziwa, na inapungua unavyokwenda Meatu kuelekea Ziwa Eyasi. Huko Meatu utakuta si Wasukuma peke yetu: kuna Wataturu, Wanyiramba, na Wahadzabe ambao walikuwepo kabla yetu wote.

Mkoa una kilomita za mraba zipatazo 25,212. Mwaka 2012 hiyo ilikuwa wastani wa watu 63 kwa kilomita moja ya mraba. Lakini ndani ya eneo hilo kuna Pori la Akiba la Maswa na kipande cha Hifadhi ya Serengeti, ambako haishi mtu. Maana yake sisi tuliobaki tumebanana kuliko wastani unavyosema.

SEHEMU YA 3: Sotoka, mbung'o na malale

Hapa ndipo muuguzi anaamka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa ng'ombe unaoitwa sotoka uliingia Afrika Mashariki na kusomba mifugo kila mahali. Hebu fikiria Msukuma bila ng'ombe. Hana maziwa, hana mbolea, hana mahari, hana akiba ya mwaka wa njaa. Watu walikufa na wengine wakahama. Nyati, nyumbu na wanyama wengine wa porini nao walikufa.

Sasa, mahali ambapo hakuna ng'ombe wa kula majani na hakuna mkulima wa kufyeka, kichaka kinarudi. Kichaka kikirudi, wanyama pori wanarudi. Na wakirudi, mbung'o anakuja nao. Mbung'o ndiye anayebeba malale, ule ugonjwa wa homa unaoishia kwenye ubongo, mgonjwa anasinzia mchana mpaka anakufa.

Mwaka 1922, mashariki mwa Mwanza, upande wa Maswa, mlipuko wa malale ukagunduliwa. Wataalamu wa Kiingereza walikuja kuchunguza, na aina ya mbung'o aliyepatikana katika uchunguzi huo akaja kuitwa Glossina swynnertoni, kwa jina la Charles Swynnerton, aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o Tanganyika. Yaani mdudu wetu wa nyumbani ana jina la Mwingereza!

Dawa za wakati ule zilikuwa chache na kali. Kwa hiyo silaha kubwa ilikuwa shoka. Kupitia watemi, maelfu ya wanaume waliitwa kufyeka mapori katika Usukuma, na familia zilizokaa mbalimbali zikasogezwa zikae karibu karibu ili kichaka kisipate nafasi kati yao. Mashamba wazi unayoyaona leo, ambako unaweza kutazama mpaka upeo wa macho bila mti mkubwa, kwa sehemu ni kazi ya mikono ya babu zetu waliokuwa wanapambana na ugonjwa.

Nikuongezee jambo moja zuri. Baadaye ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka. Sotoka ilipokoma kwa ng'ombe, ikakoma na porini, na nyumbu wa Serengeti wakapanda kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja miaka ya 1970. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imetokomezwa kabisa. Wale nyumbu ambao watalii wanavuka bahari kuja kuwaona wana deni kwa sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji. Anayekuambia chanjo haina faida, mtumie hii.

Na mbung'o hajaisha. Yupo hifadhini. Mwaka 2001 watalii kadhaa walirudi kwao na malale baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Unaishi jirani na pori, una homa isiyoisha na kipimo cha malaria kinasema hauna? Usinunue dawa dukani. Njoo, na useme unaishi wapi.

SEHEMU YA 4: Pamba, na amri za kuhama

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka, Maswa. Pamba ikapata njia ya kutoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Kanda ya Ziwa walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 wakaunda shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Chama cha wakulima wa jembe la mkono kikawa miongoni mwa vikubwa kabisa Afrika. Mpaka leo Simiyu ndiyo inaongoza nchi kwa pamba.

Lakini pamba inataka shamba, na ng'ombe wanataka malisho. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Walisema ardhi ya katikati imechoka, watu wamejaa, mifugo imezidi. Wakaweka amri: lima matuta hivi, punguza ng'ombe, hamia maeneo yaliyofyekwa upya. Mabwawa yalichimbwa, hilo tuseme ukweli. Ila amri za lazima zilichukiwa sana, na baadaye nyingi zikaachwa.

Uhuru ukaja, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Msukuma aliyezoea kukaa katikati ya shamba lake, jirani yuko mbali, akaambiwa ahamie kwenye mstari kando ya barabara. Faida yake: shule na zahanati ziliweza kuwafikia watu. Hasara yake: shamba likawa mbali, malisho karibu na kijiji yakaisha, na watu wengi waliacha mahame yenye miti na makaburi ya wazee wao. Baadaye wengi wakarudi kimyakimya.

Hesabu mwenyewe. Sotoka iliwahamisha, malale yakawahamisha, mpango wa mkoloni, kisha vijiji. Katika miaka isiyofika mia moja, ukoo mmoja unaweza kuwa umehamishwa mara nne. Ndiyo maana ukimuuliza bibi "kwetu ni wapi?" anaanza na kicheko.

SEHEMU YA 5: Wanaoondoka

Kati ya 2002 na 2012 eneo la mkoa wetu lilikua kwa asilimia 1.8 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 2.7. Hivi ni kwa sababu tunazaa kidogo? Njoo wodi ya wazazi uone! Kaya ya Simiyu mwaka 2012 ilikuwa na wastani wa karibu watu 7, wakati wastani wa taifa ulikuwa chini ya 5.

Jibu ni kwamba tunazaa na tunaondoka. Msukuma na ng'ombe wake utamkuta Katavi, Rukwa, Mbeya, Morogoro, mpaka Lindi. Baadhi walifika Lindi kwa kuondolewa: mwaka 2006 na 2007 wafugaji walitolewa bonde la Usangu, wengi wakapelekwa kusini. Mtu aliyeondoka Bariadi kutafuta malisho akajikuta karibu na bahari.

Miaka kumi iliyofuata mambo yalibadilika. Sensa ya 2022 ilikuta Simiyu ina watu 2,140,497, kutoka 1,584,157. Hiyo ni karibu asilimia 3 kwa mwaka, na sasa tunakimbizana na taifa. Wastani umefika kama watu 85 kwa kilomita ya mraba, na Serengeti haijasogea hata hatua moja kutupisha.

SEHEMU YA 6: Inahusianaje na zahanati?

Inahusiana hivi. Malengo ya chanjo hupangwa kwa makadirio yanayotokana na sensa. Chukua mfano wa kufikirika. Zahanati imekadiriwa watoto 200 wa chini ya mwaka mmoja. Dozi, sindano na kadi zinaagizwa kwa hesabu hiyo. Muuguzi anachanja watoto 220. Kwenye taarifa inasomeka asilimia 110. Watu wanapiga makofi.

Lakini kijiji kina watoto 300! Familia zimehamia kutoka wilaya jirani, nyingine zimejenga kando ya pori zikifuata malisho, hazimo kwenye daftari la mtu. Watoto 80 hawajachanjwa, na karatasi inasema tumevuka lengo. Surua haisomi karatasi. Inawatafuta wale 80.

Upande wa pili pia upo. Mtoto amepewa dozi ya kwanza hapa, wazazi wamehama na mifugo kabla ya ya pili. Kwetu anaonekana mtoro. Huko alikokwenda anaonekana mgeni asiye na kadi. Kumbe si mtoro, ni mjukuu wa watu waliohama miaka mia moja.

Maji ni vilevile. Bomba la kuleta maji ya Ziwa Victoria kwetu linapimwa kwa idadi ya watu. Ukikosea idadi leo, foleni ya ndoo utaikuta kesho.

SEHEMU YA 7: Nakuomba haya manne

Kwanza, ukihama, hama na kadi ya kliniki. Iweke pamoja na hati zako muhimu, usiiache kwa bibi.

Pili, ukifika ugenini, nenda zahanati ya karibu hata kama hakuna anayeumwa, ujitambulishe kwa muuguzi na kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Tatu, karani wa sensa au mhudumu wa afya ngazi ya jamii akija, taja watoto wote. Najua wazee wengine wanaona kuhesabu watoto ni mkosi, na najua kumbukumbu ya kuhesabiwa ng'ombe kisha kuambiwa wapunguzwe bado ipo vijijini. Sikudharau. Ila mtoto asiyetajwa hatengewi dozi.

Nne, kaa na bibi au babu jioni moja umuulize: tulihamia hapa kutoka wapi, mwaka gani, kwa sababu ipi? Andika. Kisha weka hapa chini kwenye maoni: kijiji ulichopo, na kijiji ambacho ukoo wako ulitoka. Nitaanza mimi nikishamaliza zamu.