Kaburi la Rosine na Macho ya Rebmann

Tunapofungisha ndoa usharikani, yale maneno kuhusu kifo hutamkwa haraka kidogo. Kamati ya harusi imeshaangalia saa, wapishi wako tayari, na bwana harusi anatokwa na jasho ndani ya suti. Rosine Dietrich, binti wa Basel huko Uswisi, aliolewa na mmisionari Johann Ludwig Krapf mjini Alexandria mwaka 1842. Hawakupewa hata miaka miwili.

Krapf alikuwa Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na CMS, shirika la misheni la Kanisa la Uingereza. Mwaka 1843, wakiwa safarini kujaribu kurudi Abisinia, Rosine alijifungua mtoto wa kike njiani, kabla ya wakati wake. Mtoto huyo hakuishi. Walimwita Eneba, yaani chozi. Mtu mwingine angegeuza merikebu kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Wao walifika Unguja Januari 1844, na baadaye mwaka huo huo wakahamia Mombasa.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiuddin. Msomaji na asipite jambo hili haraka: kazi ya kuipata Biblia tunayoisoma katika lugha yetu ilianza kwa msaada wa Mwislamu msomi aliyempokea mgeni kwa wema.

Wiki tano baadaye Rosine alikuwa marehemu. Alikuwa amejifungua tena binti, homa ikamshika yeye na mumewe pamoja, hata Krapf hakuwa na nguvu za kumuuguza. Tarehe 13 Julai mama akafariki, na baada ya siku chache mtoto naye akamfuata. Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapita njia walione kaburi lake na kukumbuka kwa nini wageni hawa walikuja. Akazikwa huko. Krapf aliwaandikia wakuu wa CMS kwamba kaburi hilo ni dalili ya kuwa vita vimeanza katika sehemu hii ya dunia, na kwamba ushindi wa Kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Barua hiyo imenukuliwa mara nyingi katika mahubiri ya misheni, hata watu wakasahau kuwa iliandikwa na mjane mwenye homa.

Sifa za Krapf tunazijua. Mimi huvutwa zaidi na mwenzake, Johannes Rebmann, naye wa Württemberg, aliyefika mwaka 1846. Pamoja walijenga kituo Rabai. Vitabu vya shule vinamtaja Rebmann kwa sababu aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wataalamu wa Ulaya wakambishia. Baada ya hapo vitabu humwacha. Yeye hakuondoka.

Krapf alikuwa na ndoto ya vituo vya misheni kuvuka Afrika nzima, pwani hadi pwani. Afya ilipovunjika akarudi Ulaya mwaka 1853. Rebmann alibaki Rabai na mkewe Emma, mwanamke Mwingereza aliyemwoa mwaka 1851. Mtoto wao aliishi siku chache tu. Emma mwenyewe akafa mwaka 1866. Waongofu walikuwa wachache sana. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kwa taarifa zetu za mwaka za usharika, zenye safu za waliobatizwa na sadaka zilizokusanywa, kituo kile kingeonekana kimeshindwa. Wakati ule ule wapo waliosema hivyo. Sikubaliani nao. Mume anayemhudumia mkewe aliyepooza miaka kumi hana tarakimu za kuonyesha, wala hakuna mwenye akili anayemwuliza.

Rebmann alikaa miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja. Alikusanya maneno: ya Kiswahili, ya Kinyika, na ya lugha ya Nyasa, ambayo alifundishwa na mtumwa aitwaye Salimini aliyeletwa pwani kutoka huko. Macho yakafifia juu ya karatasi hizo.

Mwaka 1875, akiwa kipofu, aliondoka akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyesafiri naye hadi Ulaya. Akaenda Korntal, alikokuwa akiishi Krapf, mzee tayari. Rebmann akafa huko Oktoba 1876. Krapf akazichukua zile karatasi za lugha ya Nyasa, akazihariri, na kamusi ya rafiki yake ikachapwa mwaka 1877.