Nyumba, Upepo na Kiyoyozi

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji pande zote, lakini maji hayo hayakiponyi na joto. Wakati wa kaskazi, hasa mwezi wa Februari na Machi, joto la mchana hupita digrii 30, na hewa hujaa unyevu wa bahari hata jasho halikauki mwilini. Kwa hiyo kila kizazi kilichokaa kisiwani kimelazimika kujibu swali moja: nyumba itapozwaje? Leo mwenye nyumba ambaye kiyoyozi chake kimekufa hudhani kwamba jibu liko dukani. Insha hii yakusudia kukuonyesha, msomaji, kwamba jibu huanza mbali zaidi, katika historia ya mji wenyewe.

Tutazame kwanza Mji wa Kale. Waashi wake walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakasimamisha kuta zenye unene wa karibu nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hupokea joto polepole, hata jua la adhuhuri likachelewa kuingia ndani. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Vichochoro vilifanywa vyembamba vilevile, nyumba zikakingana jua. Nyumba kubwa zilikuwa na ua katikati: hewa ya moto ilipanda juu, na hewa ya kichochoroni, iliyopoa kivulini, ikaingia kushika mahali pake. Madirisha na roshani za mbao zilipokea upepo huku zikiwasitiri waliokuwamo. Wasio na uwezo wa mawe walijenga kwa fito na udongo, wakaezeka makuti, ambayo hayashiki joto.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wazee hawakuona joto. Upepo ulipokatika waliona kama tuonavyo sisi, na makuti yalioza, tena yalishika moto upesi. Fahari yao ilikuwa hii: nyumba yenyewe ndiyo iliyofanya kazi ya kupoza, na ubaridi wa mmoja haukumwongezea jirani joto.

Mambo yalibadilika kutoka upande wa pili wa kisiwa. Kilindini, kama jina lisemavyo, ni mahali penye kina, na kina hicho kiliziita meli kubwa. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Kwa njia ya bandari zikaja shehena za mabati na saruji. Mabati hayaozi kama makuti wala hayawaki, lakini chini ya jua hugeuka kaango juu ya vichwa vya watu. Umeme nao ulianza Mombasa mwaka 1908, na nyuma yake yakaja mapangaboi. Neno hilo pangaboi lina historia yake: latukumbusha desturi ya India, ambako mtumishi aliketi kutwa akivuta kamba ya panka ili bwana wake apate upepo. Umeme ulimpumzisha mtumishi yule.

Kiyoyozi ni mtoto wa haja nyingine. Mwaka 1902 mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, alitakiwa kuondoa unyevu katika kiwanda cha uchapaji mjini New York, kwa kuwa karatasi zilivimba na rangi hazikulingana. Shika jambo hilo, msomaji: mashine hii ilizaliwa kupigana na unyevu, ambao ndio adui mkubwa wa Mombasa. Shika na la pili: kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hulitoa joto ndani na kulitupa nje, pamoja na joto la umeme kinaoutumia. Katika uwanja mpana joto hilo hupotea. Katika kichochoro cha Mji wa Kale huingia dirishani kwa jirani.

Gesi za mashine hizi nazo zimeleta msiba wake. Mwaka 1974 wanasayansi Molina na Rowland walionya kwamba gesi zilizotumika wakati huo zaweza kula tabaka la ozoni litukingalo na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalipatana mjini Montreal kuziondoa. Gesi ya R-22, iliyomo katika viyoyozi vingi vya zamani, imo katika hukumu hiyo, na nchi zinazoendelea, Kenya ikiwamo, zimewekewa mwaka 2030 kuwa kikomo, ila kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yakapatana tena kupunguza gesi zilizokuja baadaye, ambazo haziidhuru ozoni lakini huipasha dunia joto. R-410A hufanya hivyo zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. R-32 mara 675 hivi.

Basi mtu achague vipi? Aanze na nyumba. Dari chini ya mabati, rangi nyeupe juu ya paa, kivuli mbele ya dirisha la magharibi na nyufa zilizozibwa humpunguzia kazi ambayo angeilipia kila mwezi. Kisha apime chumba, wala asinunue mashine kubwa kwa kujionyesha. Iliyo kubwa mno hupoza upesi na kuzimika kabla ya kuondoa unyevu, chumba kikawa baridi na rutuba ya ukungu kwa pamoja. Yenye inveta hupunguza mwendo badala ya kuzimika na kuwaka, nayo hutumia umeme kidogo. Gesi mpya isitiwe katika mashine ya kale, kwa kuwa msukumo wake ni mwingine. Na kwa kuwa R-32 yaweza kuwaka, fundi awe amesomea kazi hiyo. Chombo cha nje kikingwe na chumvi ya bahari, ambayo hula chuma na alumini. Mwisho, atazame hewa ya moto itaelekea wapi. Ikimwelekea mzee wa nyumba ya pili asiye na hata pangaboi, mahali pa chombo pabadilishwe.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Si kwamba msala ni mbaya. Kiyoyozi kimewafaa wagonjwa hospitalini na dawa ghalani. Lakini mashine hufa baada ya miaka michache, na kuta za matumbawe zingali zimesimama. Wewe utakayejenga kesho, uliza kwanza upepo wa kusi huingilia upande gani, ndipo uende dukani.