Haruan: supu ya wagonjwa iliyoingia maabara

Kule Kilimanjaro ukienda kumwona mama aliyejifungua, mtori haukosi jikoni. Malaysia nako wana cha kwao. Mtu akitoka kufanyiwa upasuaji, au mama akijifungua, ndugu wanamtafutia haruan, wanamchemsha, mgonjwa anakunywa supu. Wanasema kidonda kinafunga haraka. Indonesia samaki huyohuyo anaitwa gabus, na sifa yake ni ileile.

Haruan (kwa jina la kisayansi Channa striata) ana kichwa kinachofanana na cha nyoka. Anaishi kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na madimbwi yenye hewa haba, na kama kambale wetu, anaweza kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Ndiyo maana sokoni unamkuta bado yuko hai.

Sasa swali lililowafikia watu wa maabara lilikuwa jepesi kulitamka tu: kuna kitu ndani ya huyu samaki, au ni imani?

Mwaka 1994 Abdul Manan Mat Jais na wenzake wawili, McCulloch na Croft, walichapisha uchambuzi wa mafuta na asidi amino za haruan. Walikuta jambo la ajabu kidogo. Samaki wengi tunawasifia kwa mafuta ya omega-3. Huyu alikuwa na kiasi kikubwa kuliko kawaida cha asidi ya arakidoniki, ambayo ni ya kundi la omega-6, huku EPA, mojawapo ya omega-3 maarufu, ikiwa karibu haipo kabisa. Mwili hutumia asidi ya arakidoniki kutengeneza prostaglandini na kemikali nyingine zinazohusika na damu kuganda na uvimbe wa mwanzo wa kidonda. Upande wa protini kulikuwa na glaisini, na hiyo ni muhimu kwa sababu katika kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, karibu kila asidi amino ya tatu ni glaisini.

Inavutia, sivyo? Lakini hebu tusimame hapa. Katika utafiti ule hapakuwa na kidonda hata kimoja kilichotibiwa. Ulionyesha malighafi zipo, basi. Kuwa na saruji na mchanga uwanjani si kuwa na nyumba. Tena asidi ya arakidoniki ipo kwenye mayai na nyama, na glaisini imejaa tele kwenye supu ya makongoro. Nimeona makala nyingi zinazonukuu kazi ile ya 1994 kana kwamba ilithibitisha tiba, na kwa maoni yangu hapo ndipo habari ya haruan ilipoanza kukimbia mbele ya ushahidi wake.

Vidonda vyenyewe vilikuja baadaye. Mwaka 2000 Baie na Sheikh, nao wa Malaysia, walichanganya dondoo la haruan na krimu yenye setrimaidi, dawa ya kuua vijidudu, wakawapaka panya waliochanjwa ngozi. Kisha walipima nguvu inayohitajika kuvuta ngozi iliyofunga mpaka iachane. Kipimo kizuri hiki, maana kidonda kinaweza kuonekana kimepona kwa macho na bado kikafumuka ukikigusa. Walichofanya vizuri zaidi ni kulinganisha na krimu yenye setrimaidi peke yake. Bila hivyo, usingejua ni samaki aliyesaidia au ni ile dawa. Krimu yenye haruan ilitoa ngozi iliyoshikana kwa nguvu zaidi.

Ila panya walipakwa. Wagonjwa wa kijijini wanakunywa! Kitu kinachofika kwenye kidonda moja kwa moja na kitu kinachopita kwanza tumboni ni mambo mawili tofauti kabisa. Angalia albumini: Indonesia kapsuli za gabus zinauzwa kwa sifa ya kuwa na albumini nyingi, na wagonjwa wenye albumini ndogo kwenye damu hupewa. Lakini protini ukiila, utumbo unaivunja kuwa vipande vidogo. Albumini ya samaki haihamii kwenye damu yako ikiwa nzima. Inayohesabiwa kule ni ile ambayo ini lako limeitengeneza lenyewe.

Jaribio lililokaribia zaidi desturi yenyewe lilichapishwa mwaka 2015 Malaysia. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa dondoo la haruan lililokaushwa, wengine dawa bandia, kwa wiki 6. Kwenye maumivu, hapakuwa na tofauti ya maana. Kwenye mwonekano wa kovu na jinsi akina mama walivyoridhika nalo, haruan alishinda.

Wapo watakaosema bibi zetu walikuwa sahihi, na wapo watakaocheka kwamba ni kovu tu. Mimi bado nina hamu na jaribio jingine: kundi moja linywe haruan, la pili linywe supu ya samaki wa kawaida yenye protini kiasi kilekile, na la tatu makongoro. Makundi mawili ya kwanza yakilingana, basi kinachofanya kazi ni lishe na wala si haruan, na mama asiye na pesa ya kapsuli atakuwa hajakosa kitu.