Tusisahau kinywa cha mgonjwa anayetunzwa nyumbani

Wapendwa, tunapotembelea wagonjwa na wazee wasioweza kujihudumia, mara nyingi tunakuta wameogeshwa na kubadilishiwa nguo, lakini kinywa kimesahauliwa. Katika parokia yetu, mama mzee aliyepooza upande mmoja alikataa chakula kwa siku nyingi. Tulimwombea apate hamu ya kula. Siku moja binti yake alimulika kinywani kwa tochi, akakuta bugali imekwama ndani ya shavu lililopooza, na chini yake kidonda. Mama hakuwa amechoka kuishi. Alikuwa na maumivu, na hakuweza kuyasema.

Hatari iko wapi?

Kinywa kichafu hujaa vijidudu. Mgonjwa anayemeza kwa shida anaweza kuvuta mate yenye vijidudu hivyo hadi mapafuni, akapata nimonia. Utafiti uliofanywa Japani katika nyumba 11 za kutunzia wazee, ukatangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba katika miaka 2, wazee 19 kwa kila 100 ambao hawakupewa huduma hiyo walipata nimonia. Kwa waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo, walikuwa 11. Tena, dawa nyingi, zikiwemo baadhi za presha, hukausha mate, na mate yakipungua meno huoza upesi. Mwenye ugonjwa wa sukari huumwa fizi kwa urahisi zaidi.

Namna ya kusafisha

1. Nawa mikono. Mwambie mgonjwa unachotaka kufanya, hata kama hajibu.
2. Mketishe, au inua kichwa na mabega kwa mito. Usimsafishe akiwa amelala chali, asije akapaliwa.
3. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya haragi. Piga mswaki meno, fizi na ulimi, asubuhi na kabla ya kulala.
4. Baada ya kula, angalia ndani ya mashavu, hasa upande uliopooza, uondoe mabaki.
5. Asiye na meno, safisha fizi na ulimi kwa kitambaa safi chenye unyevu. Usiingize vidole katikati ya meno ya mgonjwa anayeweza kuuma.
6. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe, yawekwe ndani ya maji safi.

Akikataa, msimlazimishe. Ngojeni kidogo, mjaribu tena kwa upole.

Wakati wa kumwona muganga

Mpelekeni akivimba shavu, akitoka damu au usaha kwenye fizi, akiwa na utando mweupe kinywani, au kidonda kisichopona kwa wiki 2. Homa pamoja na kikohozi au kupumua kwa shida visingojewe hata siku moja.

Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 5:4, anawafundisha watoto na wajukuu kuanza utauwa wao nyumbani kwao. Basi sisi wachungaji, mashemasi na mama wa kanisa, tukienda kumwombea mgonjwa, tuulize pia: leo kinywa chake kimesafishwa?