Mpira Unaokubali Kuyeyushwa

Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, Marekani ilijikuta ikihesabu matairi. Takriban asilimia 90 ya mpira wake ilikuwa ikitoka Malaya, Indonesia na nchi jirani, na mashamba ya huko sasa yalikuwa yakitwaliwa na adui. Kifaru kimoja cha Sherman kilihitaji karibu nusu tani ya mpira.

Juni mwaka huo Rais Franklin Roosevelt aliwaomba wananchi wapeleke kwenye vituo vya petroli kila kitu cha mpira walichoweza kukitoa: matairi chakavu, makoti ya mvua, mipira ya kumwagilia bustani, glavu, hata kofia za kuogelea. Malipo yalikuwa senti moja kwa ratili. Baadaye petroli ikatolewa kwa mgawo nchi nzima, na shabaha kuu ilikuwa kupunguza safari za magari ili matairi yadumu. Huku kwetu, mashamba ya mpira ambayo Wajerumani waliyapanda Tanganyika, yakaachwa baada ya bei kuporomoka mwaka 1913, yalifufuliwa ili Waingereza wapate utomvu.

Serikali ya Marekani haikungoja soko liamue. Tarehe 19 Desemba 1941, siku 12 tu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, Firestone, Goodrich, Goodyear, United States Rubber na Standard Oil ya New Jersey zilitia saini makubaliano ya kupeana hataza na matokeo ya utafiti, chini ya shirika la serikali lililoitwa Rubber Reserve Company. Kampuni zilizozoea kufichana siri sasa zilifuata fomula moja. Mpira huo wa kutengenezwa, GR-S, uliunganisha kemikali mbili, butadieni na stairini, kwa njia iliyotokana na kazi ya wakemia wa I.G. Farben, Ujerumani.

Ubishi mkali ulizuka kuhusu chanzo cha butadieni. Wenye visima vya mafuta walitaka itokane na mafuta ghafi. Wabunge wa majimbo ya wakulima walitaka pombe ya nafaka. Kamati ya Bernard Baruch ilitoa ripoti Septemba 1942 na kuhimiza njia zote mbili zisukumwe kwa kasi. Viwanda vya pombe ndivyo vilivyotangulia kukamilika, na mwaka 1943 sehemu kubwa ya butadieni ilitokana na pombe. Uzalishaji wa GR-S, ambao ulikuwa tani 231 kwa mwaka mzima wa 1941, ulifika tani 70,000 kwa mwezi mwaka 1945. Huo ni ukuaji ambao hakuna kampuni moja ingeuweza kwa fedha zake yenyewe.

Hata hivyo, GR-S ilibaki na tatizo la mpira wote wa zamani. Mpira ukishaivishwa kwa salfa, ufundi ambao Charles Goodyear aliugundua mwaka 1839, huwa kama yai lililochemshwa: haurudi tena kuwa ute. Mabaki ya kiwandani hayayeyuki yakatumika upya, na kila bidhaa lazima ikae kwenye moto mpaka iive. Plastiki huyeyuka, ikamiminwa kwenye kalibu na kuganda kwa sekunde chache, lakini hainyumbuki. Kupata kitu kimoja chenye sifa zote mbili kulichukua miaka mingine kadhaa.

Goodrich ilitangulia. Mkemia wake Charles Schollenberger alitengeneza poliurethani inayonyumbuka kama mpira na bado ikayeyuka, nayo ikaingia sokoni kwa jina la Estane. Lakini hatua kubwa zaidi ilitoka chuoni. Mwaka 1956 Michael Szwarc, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifundisha Syracuse, New York, alimimina stairini katika mchanganyiko wa sodiamu na naftalini wenye rangi ya kijani. Ukageuka mwekundu papo hapo. Stairini yote ilipokwisha, wekundu haukufifia. Alipoongeza nyingine, minyororo ya molekuli iliendelea kurefuka na majimaji yakazidi kuwa mazito. Maana yake ni kwamba mkemia angeweza kupanga mnyororo kipande kwa kipande: kwanza stairini, kisha butadieni, kisha stairini tena.

Mmoja wa wenzake katika jaribio hilo alikuwa kijana Ralph Milkovich, ambaye baadaye aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell. Na hapa historia ya vita inarudi. Mwaka 1955 serikali iliuza viwanda vyake vya mpira kwa kampuni binafsi, na Shell ikanunua kile cha Torrance, California, kikiwa na butadieni na stairini mahali pamoja. Mpira mpya uliotengenezwa huko ulikuwa na kasoro ya kujitandaza wenyewe ghalani, marobota yakipoteza umbo. Katika kutafuta dawa ya kasoro hiyo, Milkovich na Geoffrey Holden walipata polima iliyovutika na kurudi kama mpira ulioivishwa, ingawa haikuwa imetiwa salfa hata kidogo.

Siri ilikuwa kwenye ncha. Stairini za minyororo mingi hukusanyika na kuganda kuwa vinundu vigumu visivyoonekana kwa macho, huku butadieni ya katikati ikinyumbuka. Pasha moto, vinundu hulainika na kila kitu hutiririka. Poza, vinashikana upya. Shell iliitangaza polima hiyo mwaka 1965 kwa jina la Kraton, na soko lake la mwanzo kabisa lilikuwa soli za viatu. Soli ya TPR (mpira unaoyeyushwa) ambayo muuza viatu wa Kariakoo huipinda mbele ya mteja kuonyesha haikatiki ni ya ukoo huohuo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. DuPont ilileta mpira mwingine unaoyeyushwa, Hytrel, mwaka 1972. Monsanto, kwa utafiti wa A. Y. Coran na Raman Patel huko Akron, Ohio, ilileta wa kwake, Santoprene, mwaka 1981. Sam Farber, aliyemwona mkewe Betsey akisumbuliwa na baridi yabisi kila alipomenya matunda, aliitumia Santoprene kutengeneza mipini minene na laini ya vyombo vya jikoni, na mwaka 1990 OXO Good Grips zikaingia madukani. Kraton yenyewe ilihamia hadi barabarani, ikichanganywa na lami ili isipasuke kwa baridi wala kulainika kwa joto. Kiwanda chake cha Belpre, Ohio, kilikua kuwa kati ya vikubwa zaidi duniani kwa polima za aina hiyo. Mwaka 2022 kampuni inayoitengeneza, ambayo nayo huitwa Kraton, ilinunuliwa na DL Chemical ya Korea Kusini.

Akron inatuhusu. General Tire, moja ya kampuni za mji huo zilizoendesha viwanda vya mpira vya serikali wakati wa vita, ndiyo iliyoshirikiana na Tanzania kuanzisha General Tyre ya Arusha, na mashamba ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Morogoro, yakapandwa ili kuilisha. Arusha ilipata mashine na jina. Kitovu cha utafiti kilibaki Akron. Uzalishaji wa Arusha ulisimama mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Wanaopanga kukifufua kiwanda hicho wajifunze kwa Marekani, ambayo mapema kabisa iliwafanya washindani wapeane matokeo ya utafiti: waweke fedha za umma kwenye maabara ya polima, wafungue milango yake kwa vyuo na kwa kila mwenye kiwanda, kabla ya kuagiza mashine ya kwanza.