Analojia haijazeeka

Tangu mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, neno hili limekuwa la kubezea watu. Asiyejua kutumia simu janja huambiwa, “Wewe bado uko analojia.” Neno linaonewa. Analojia ni wimbi linalopanda na kushuka bila kukatika, na sikio la binadamu halina njia nyingine ya kusikia.

Chukua PCM2704, chipu ya Texas Instruments inayofungwa ndani ya vifaa vya kuchezea muziki kwa USB. Kompyuta huipelekea namba tupu: kwa muziki wa kiwango cha CD, vipimo 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stirio, kila kipimo kikiangukia kwenye ngazi mojawapo kati ya 65,536. Chipu huzigeuza namba hizo kuwa volteji inayopanda na kushuka, huku ikijiendesha kwa umeme wa waya uleule wa USB, na hedifoni zikatikisika. Ndiyo maana napenda kuiita kigeuzi. Taarabu unayoisikiliza kwenye kompyuta ni dijitali hadi inapoingia kwenye kigeuzi hicho. Kutoka hapo ni analojia mpaka kwenye ngoma ya sikio.