Kiraka cha draiva ya tun, Julai 2009

Leo tuangalie kiraka kimoja kidogo sana. Mtu akikuletea ukikague, huenda ungekitupia jicho mara moja, useme sawa, uendelee na mengine.

Kwanza, tun ni nini? Ni draiva ya kadi ya mtandao isiyokuwepo. Hakuna kifaa cha kushika mkononi. Programu inafungua faili /dev/net/tun, kisha inatuma na kupokea pakiti kana kwamba yenyewe ndiyo waya. Kama umewahi kutumia OpenVPN kwenye Linux, huenda umeitumia.

Februari 2009 draiva hii iliongezewa kazi ya kuwekea kikomo pakiti zinazosubiri kwenye foleni. Kerneli 2.6.30 ilipotoka Juni mwaka huo, ndani yake mlikuwa na mistari hii:

struct sock *sk = tun->sk;
...
if (!tun)
    return POLLERR;

Hebu isome kwa mpangilio. Mstari wa kwanza unachukua kitu ndani ya tun. Unaofuata ndio unaouliza kama tun ipo. Ni kama mgeni anayeingia sebuleni, akakaa, ndipo akapiga hodi!

Basi programu ikifungua /dev/net/tun na kuita poll() kabla ya kuunganisha kadi yoyote, tun ni pointa tupu, na kerneli inaanguka. Kiraka kikaja Julai: kile kitendo cha kuchukua kikahamishwa chini ya swali. Ni hivyo tu. Maelezo yake yalisema kinazuia kuanguka, na ilikuwa kweli.

Mwezi huohuo Brad Spengler, mtafiti wa usalama, alitoa hadharani programu iliyotumia kosa hilohilo kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root. Utauliza, iliwezekanaje na swali lilikuwepo, hata kama lilichelewa?

Jibu liko kwenye kompaila. Sheria za lugha ya C hazisemi kitatokea nini ukisoma kupitia pointa tupu. GCC ikapiga hesabu yake: kama tun imeshasomwa juu, basi si tupu, na swali la chini halina kazi. Ikalifuta. Ukifungua faili ya chanzo unaliona swali. Katika kerneli inayofanya kazi halimo.

Ilibaki kinga moja, mmap_min_addr, inayozuia programu za kawaida kuweka kumbukumbu kwenye anwani 0. Spengler alipata njia za kuipita, mojawapo ikiwa ni ulegevu uliokuwa kwenye SELinux wakati huo. Akaweka data yake pale, kerneli ikaisoma kana kwamba ni tun halisi. Kosa la kuangusha tarakilishi likawa kosa la kuiteka. Likapewa namba CVE-2009-1897.

Baadaye kerneli ikaanza kujengwa kwa chaguo -fno-delete-null-pointer-checks, linaloikataza GCC kufuta maswali ya aina hiyo. Kiraka cha kwanza kiliziba ufa wa tun. Hiki kilizilinda na draiva nyingine.

Sasa tujiulize: mkaguzi alitakiwa kuona nini? Kiraka chenyewe kilikuwa sahihi. Lakini msimamizi wa seva husoma maelezo ndipo aamue kama azime na kuwasha mashine usiku huu au asubiri mwezi ujao. Akisoma "kinazuia kuanguka", atasubiri. Akisoma "mtumiaji yeyote anaweza kuwa root", hatalala.

Kwa hiyo ukiletewa kiraka cha draiva, hata cha mstari mmoja, uliza ni nani anaweza kuufikia mstari huo, na anaweza kuweka nini pale kwenye pointa tupu. Kisha hakikisha jibu limeandikwa kwenye maelezo, ili anayelinda seva alione.